Baba, Watangazaji wa Kriketi na Kijiti cha Maji

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vitambaa Malindi kutafuta mapazia, na kabla sijashika kitambaa hata kimoja nikasikia sauti. Ilitoka kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya marobota: gongo likigonga mpira, tak, kisha makofi ya watu wengi walio mbali, kisha mtangazaji akasema maneno matatu ya Kiingereza kwa sauti ya taratibu, halafu kimya. Mwenye duka akaniuliza nataka rangi gani. Nilikuwa nimekumbatia robota la kitambaa kwa mikono miwili, nami ni mtu mzima, mama wa watoto wawili, nimesimama katikati ya mapazia naogopa mchezo wa kriketi.

Mtacheka, najua, na chekeni tu. Lakini ngojeni kwanza niwaeleze hofu hiyo ilikotoka, maana sijawahi kumweleza mtu yote.

Baba yangu alikuwa mtu wa Kipini, lakini ujana wake aliumalizia Mombasa akitunza kiwanja cha klabu moja ya kriketi. Alikata majani, alisukuma roli la kusawazisha ardhi, alichora mistari ya chokaa, na kwa miaka yote ile akaujua mchezo kuliko wengi walioucheza pale. Kisha presha ya macho ikamshika. Ikala jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na hospitali ikamwambia imechelewa. Akarudi kuishi kijijini kwa mama yangu, ukingoni mwa mto Tana, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Garsen mjini. Nilipotimiza miaka minane hakuwa akiona hata mwanga wa jua. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, au mato, kama alivyoyaita yeye kwa lugha ya kwao.

Kila Jumamosi nilimshika mkono tukaenda mjini, kwenye hoteli ya Adeer Nuru. Adeer ni ami kwa Kisomali, na watoto wote wa pale tulimwita hivyo, ingawa alikuwa ami wa wachache. Alikuwa na dishi. Jioni hoteli yake ilijaa vijana wa mpira na hapakuwa na pa kukanyaga, lakini asubuhi ilikuwa tupu, na asubuhi ndiyo kriketi ilipochezwa huko ng'ambo. Basi Baba aliketi mbele ya televisheni asiyoiona, na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Hoteli ilinuka mkaa na hiliki, na mbuzi walipita mlangoni wakienda mnadani.

Alikuja kuwasikiliza watangazaji. Kusikiliza nako ni kusema kidogo, kwa kweli alikuja kuwahukumu. Hakuwajua kwa majina, akawapa ya kwake. Kulikuwa na Kasuku, aliyerudia kila alilosema mwenzake. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyemwita Mwalimu, kwa sababu alieleza mrushaji ameushikaje mpira na kwa nini, na Baba alimheshimu sana huyo. Kulikuwa na Mnada, aliyepiga kelele kama wauza ng'ombe wa Garsen na kushangilia pigo kabla mpira haujatua. Na juu ya wote alikuwepo Bwana Pole, mzee wa sauti ya kukwaruza, aliyesema mpira umekwenda wapi, nani ameufuata, kisha akanyamaza. Baba alisema wengine wote huzungumza na watu wenye mato, wanasahau kuna wasionayo. Bwana Pole peke yake ndiye aliyemwonesha.

Adeer Nuru hakukubali hata siku moja. Aliegemea kaunta akifuta vikombe, akampenda Mnada kuliko wote.

"Hii ndiyo najua kazi," alisema. "Ile mzee yako nasema kama mtu ya kufa. Sauti kama ile itauza ng'ombe gani?"

Baba alimjibu kwamba Mnada angemuuzia ng'ombe mfu na yeye angelipa. Walibishana hivyo mwaka mzima na hakuna aliyehama.

Kazi yangu ilikuwa kujaza mianya. Mtangazaji akinyamaza, au akiingilia hadithi za chakula alichokula jana, Baba aliniuliza: wamesimama wapi, aliyeumia goti anatembeaje, mbingu ikoje. Nami nilijibu. Mwanzoni nilijibu sawa. Lakini niliuona uso wake. Timu yake ikielemewa mashavu yalimshuka, na mimi, wenzangu, nilikuwa mtoto wa kuogopa. Niliogopa giza, niliogopa majogoo, na zaidi ya yote niliogopa uso wa Baba ukihuzunika, kwa sababu nilidhani huzuni ndiyo iliyomla macho. Basi nikaanza kuutengeneza mchezo. Aliyechechemea nilisema anatembea vizuri. Walinzi waliosogea karibu kumbana mpigaji nilisema wako mbali. Vitu vidogo, ambavyo watangazaji hawakuvitaja, na ambavyo hakuna wa kunikosoa.

Siku moja aliniuliza kama kuna mawingu. Mbingu ya ule uwanja ilikuwa nyeusi tii. Nikasema hakuna. Muda si muda mvua ikashuka, wachezaji wakakimbia, na Bwana Pole mwenyewe akasema mawingu hayo yalikuwapo tangu asubuhi. Baba aliweka kikombe chini. Kisha akasema, bila ukali, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Umekuwa Mnada." Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunisemesha tena. Nilitamani anichape, yaishe.

Miezi michache baadaye mvua za masika zikapasuka, za kwetu na za huko juu mto unakotoka. Shangazi yangu wa Kipini alikuwa mgonjwa na Mama alikwenda kumuuguza, akituacha chini ya uangalizi wa jirani yetu Mama Hawa, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku mbili baada ya Mama kuondoka barabara ya Kipini ikakatika. Maji yakaanza kutoka mtoni na kuingia mashambani kimyakimya, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Watu wa mto wana desturi yao. Maji yakitoka, unachomeka kijiti ukingoni mwake, pale hasa yalipokomea, na baada ya muda unarudi kutazama. Kijiti kikiwa nchi kavu, maji yanarudi. Kikizama, funga virago. Kila nyumba huwa na kijiti chake. Unaweza ukawaona watu wazima, na heshima zao, wakiinama kukodolea macho kipande cha ukuni.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Hawa aliswaga mbuzi na watoto wake kuelekea tuta la barabara kuu, mahali palipoinuka ambapo watu wote walikuwa wakikimbilia. Alisimama mlangoni kwetu, akamwambia Baba atoke sasa. Baba akakataa. Alisema amekuta mafuriko mengi, nyumba ikiachwa tupu itavunjwa, na mahindi ya mkewe yamo darini. Wakakubaliana hivi: kijiti kikizama, tuondoke papo hapo. Mama Hawa akachomeka kijiti mwenyewe, hatua ishirini kutoka mlangoni. Kisha akaniinamia na kuniambia nisingoje, kikizama tu nimlete Baba. Akaenda. Kijiji kikabaki sisi wawili, na vyura.

Sasa sikilizeni kilichoniogopesha. Kati ya nyumba yetu na lile tuta palikuwa na bonde, njia ya mto ya zamani, ambapo siku za kawaida tulipanda mpunga. Asubuhi ile maji ya bonde yaliwafika watoto wa Mama Hawa magotini. Na wiki hiyohiyo, hapohapo bondeni, mamba alikuwa amemchukua mbuzi mbele ya macho yetu. Mbuzi hakulia. Alikuwa anakunywa, kisha hakuwepo. Nilikuwa nimeota jambo hilo kila siku tangu litokee, na nilijua kwamba kijiti kikizama itanibidi niingie mle nikimwongoza mtu asiyeona.

Baada ya muda Baba akaniuliza, "Mai yamefika wapi?"

Nikaenda. Kijiti kilikuwa ndani ya maji, kimebaki kichwa chake tu. Nilisimama nikikitazama. Kisha nikafanya jambo ambalo nimelificha maisha yangu yote. Nilikivuta kile kijiti, nikasogea nacho hatua sita kuelekea nyumbani, nikakichomeka palipo pakavu. Nikarudi nikamwambia Baba kijiti kiko nchi kavu. Na kweli kilikuwa nchi kavu. Nilijiambia sijasema uongo.

Akaniuliza tena jua lilipopanda. Nikaenda, nikakuta kimezama, nikakihamisha tena. Mara ya tatu sikuwa na haja ya kwenda mbali, kijiti kilikuwa mbele ya jiko, na maji yalikuwa yakilamba majivu ya moto wa asubuhi. Niliyaona maji yanakuja na bado niliogopa zaidi kuyasema, kama kwamba nikiyasema ndipo yatakapofika.

"Bado, Baba," nikamwambia. "Kijiti ki palepale."

Baba alikuwa ameketi kitandani, kichwa amekiinamisha upande, vile alivyokaa hotelini. Akaniuliza mbona nimerejea upesi. Nikasema nilikimbia. Akasema sikukimbia, amezihesabu hatua zangu, mara ya kwanza zilikuwa ishirini kasoro na sasa ni tano. Hapo maji yakaingia chini ya mlango na kumgusa vidole vya miguu.

Hakuruka. Alivuta mguu mmoja juu, polepole, akaupapasa kwa mkono kama anayetaka kuhakikisha. Nilipiga magoti katika yale maji nikalia, nikamweleza yote, kijiti, mbuzi, bonde. Nilitaka kusamehewa kabla hatujafa. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alisimama, akafunga vitambulisho na dawa zake ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga kichwani kwa leso ya Mama, akachukua fimbo yake. Akachuchumaa.

"Panda mabegani."

Nikapanda. Akanishika vifundo vya miguu kwa mkono mmoja, mkono wa pili na fimbo. Tukatoka.

Kutoka juu kule niliona kila kitu, na sikutaka kuona hata kimoja. Kijiji kilikuwa paa za makuti juu ya maji. Kuku wa mtu walikuwa wamepanga mstari juu ya banda. Maji yalimfika Baba mapajani, kisha kiunoni, nasi tulikuwa hatujafika bondeni. Aliniuliza kila hatua: njia iko wapi, mti wa nani uko kulia, maji yanakwenda upande gani. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kwenye vifundo vyangu, ukitetemeka sana, mpaka miguu yangu yote ikatetemeka nao. Nilidhani ni mamba anayemwogopa. Jambo hilo lilinitisha kuliko mamba mwenyewe, kwani sikujua kwamba Baba huogopa.

Ukingoni mwa bonde akasimama.

"Nisikiza," alisema. "Nambia lililoko. Sinambie nilitakalo. Likiwa baya, nambia lile baya."

Tukaingia. Maji yakamfika kifuani. Nikaanza kusema, kwa sauti nyembamba iliyokatikakatika: nyasi mbele, hatua kumi. Kamba ya mtu inaelea, inakuja kushoto, imepita. Tuta liko mbele, watu wanatuona, mmoja anapunga kitambaa. Kila nilipomaliza nilinyamaza, na katika kimya kile nilimsikia akipumua.

Katikati ya bonde nikakiona. Upande wa kushoto, mbali kama kutoka kaunta ya Adeer Nuru hadi mlangoni kwake mara tatu, kitu kirefu, cheusi, kimelala juu ya maji. Neno gogo lilinijia ulimini peke yake. Lilikuwa jepesi, tamu, tayari kutoka. Nikisema gogo, Baba angeendelea kutembea, mkono wake ungetulia, na mimi nisingelazimika kusikia neno lile jingine likitoka kinywani mwangu.

"Kuna kitu kushoto," nikasema. "Sijui kama ni gogo. Sijui, Baba."

Akasimama tuli. Akaniuliza kama kinakwenda na maji. Nikasema kinakwenda na maji. Tukangoja. Akaniuliza sasa je. Nikasema kimesimama, na maji yanakipita. Akaniuliza kimeelekea wapi, nikasema sasa kimegeuka, kichwa kinatutazama. Mkojo ulinitoka ukamlowesha shingo.

Kisha nikasema, "Kimezama."

Magogo hayazami hivyo. Tulijua sote wawili. Baba hakurudi nyuma wala hakukimbia. Akauliza kwa sauti ya chini zimebaki hatua ngapi hadi maji mafupi. Nilitazama vizuri. Nilitamani kusema kumi. Nikasema thelathini, labda zaidi. Akaanza kutembea, fimbo mbele, na mimi nikazihesabu kwa sauti moja moja, nikigeuza macho kushoto baada ya kila namba. Ya kumi na nne akateleza, maji yakamfika kidevuni na mimi mapajani, akainuka. Ya ishirini na sita maji yakashuka kiunoni. Ya thelathini na tatu mikono ya Mama Hawa ikaninyakua kutoka mabegani kwake. Wanaume wawili wakamvuta Baba juu ya tuta, naye akaketi palepale kwenye changarawe, akatapika.

Kile kitu hatukukiona tena. Wengine walisema mamba, wengine walisema ni mkeka. Mimi sikubishana na mtu.

Tulikaa juu ya tuta siku nyingi, chini ya turubai, tukila maharagwe ya msaada. Mama alifika kwa mtumbwi. Baba akamsimulia safari yote, bonde na yule mnyama, na jinsi binti yake alivyotangaza kama Bwana Pole. Watu wakanisifu. Habari ya kijiti hakuitaja, siku ile wala siku nyingine, nami kila alipoanza kusimulia nilikaa roho juu nikingoja aifikie. Maji yaliporudi tulikuta nyumba imelala chini na mahindi yameota mikia. Baadaye tukarudi pia kwa Adeer Nuru, ambaye bado alikuwa upande wa Mnada. Baba aliponiuliza kuhusu mawingu nilimwambia yako, meusi, mengi, ingawa timu yake ilikuwa imebakiza kidogo tu ishinde. Aliitikia kwa kichwa na kunywa chai yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimekwishaolewa, nilipothubutu kumuuliza. Nilikuwa nikimkata kucha. Nilimwambia kwamba namkumbuka bondeni, mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka, na kwamba mimi pia nilimwogopa sana yule mamba.

Baba alicheka kidogo. Alisema mamba hakumjali sana, mamba ni ajali, akikutaka amekutaka. Mto nao aliujua tangu utotoni.

"Nalikuwa nikikuogopa wewe," akasema.

Aliyasema bila kunilaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya siku ile. Kisha akanipa mkono wa pili ili niendelee. Nilimkata kucha zilizobaki huku sizioni vizuri. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani tulikuwa wawili tunaoogopa kitu kimoja. Kumbe mimi niliogopa kilichokuwa majini, na yeye alikuwa amebeba hofu yake mabegani, ameishika miguu, akiiuliza njia hatua baada ya hatua na kukanyaga palepale ilipomwambia akanyage.